Jumanne Tisa

Mke wangu alipona siku ya Jumapili, saa nne asubuhi, mbele ya watu mia mbili na ushee, yeye mwenyewe akiwa nyumbani kalala, hawezi hata kugeuka ubavu. Alipona kwenye karatasi. Mchungaji alisoma, watu wakapiga makofi, na mimi nilikuwa benchi la nyuma karibu na mlango, nimepakata karatasi zilizobaki. Zilikuwa zimekunjwa vizuri, ncha kwa ncha. Nilizikunja mimi.

Shule niliishia darasa la tatu. Aliyekuwa akisoma na kuandika nyumbani kwetu ni yeye. Mimi ni fundi viatu. Kibanda changu kinatazamana na lango la kanisa, na kwa miaka kumi na miwili kila Jumamosi nilifunga kazi mapema, nikajisugua gundi mikononi, nikavuka barabara kwenda ofisini kukunja karatasi ya Mchungaji. Hakuna aliyenilazimisha. Mke wangu alikuwa akifundisha watoto wa Jumapili, wote wakimwita Mwalimu, wakubwa kwa wadogo, nami nikaona aibu kuwa mume wa Mwalimu nisiye na kazi yoyote kanisani. Kukunja najua. Mtu anayekunja ngozi hashindwi na karatasi.

Karatasi yenyewe ni moja, ukiikunja katikati inakuwa na kurasa nne. Wa kwanza ni neno la Mchungaji la kututia moyo wiki nzima. Wa pili ni habari: nani kaoa, nani kazaa, mgeni gani anakuja. Wa tatu una safu mbili. Kushoto imeandikwa "Wagonjwa Wetu", kulia imeandikwa "Bwana Ametenda". Wa nne ni zamu za usafi na saa za mazoezi ya kwaya.

Safu ile ya kushoto ndiyo yenye nguvu. Kikundi cha kutembelea wagonjwa hutoka kila Jumanne alasiri. Zamani walikuwa wakienda popote waliposikia kuna mgonjwa, hadi maneno yakazuka: fulani katembelewa mara tatu kwa sababu kwake kuna makochi, na fulani hajaonwa hata na paka. Wazee wa kanisa wakaketi, wakatoa sheria. Atakayetembelewa ni yule aliye kwenye orodha, na orodha ni ya Mchungaji. Tukasema amina. Hata mimi nilisema amina, tena kwa sauti.

Mwalimu alikaa kwenye orodha hiyo wiki sita alipokuwa hospitali na uvimbe wake wa tumbo. Walikuja. Siwezi kusema hawakuja. Walijaa wodini hadi muuguzi akawafokea. Kisha Jumatano moja daktari akaniita pembeni, akanishika bega, akasema, "Mzee, mpeleke nyumbani akakae na watu wake." Sikuuliza zaidi. Mtu akikushika bega hospitali, huna haja ya kuuliza.

Siku ya pili yake nilipita ofisini kuchukua ufunguo wa chumba cha watoto, maana daftari za Mwalimu zilikuwa humo na alizitaka. Katibu alikuwa kwenye mashine anachapa. Ni dada mmoja mwepesi wa vidole, mwepesi wa mdomo pia.

"Baba, mgonjwa wetu anaendeleaje?"

"Wametutoa jana. Yuko nyumbani."

"Haleluya!" Akapiga meza kwa kiganja. "Nilijua tu! Mwezi wa ushindi huu, baba!"

Nilikuwa sijalala siku tatu. Nilichukua ufunguo nikaondoka. Ningegeuka nikasema maneno matano tu, dada, wametutoa kwa sababu wameshindwa, pengine nisingekuwa na hadithi ya kusimulia. Lakini ulimi ulikuwa mzito, na sikujua kwamba kujibu swali la njiani ni kutoa ripoti.

Huo mwezi wa ushindi ulikuwa jambo la Mchungaji. Askofu alikuwa anakuja mwisho wa mwezi, na Mchungaji alikuwa ametangaza mimbarini kwamba safu ya kushoto imekuwa ndefu mno, majina kumi na manne, kama vile kanisa letu ni zahanati. "Safu hii ipungue, na ile iongezeke!" alisema, na watu wakasimama kushangilia. Yeye si mtu mbaya. Ana sauti nzuri, ana mkono laini wa kusalimia, akicheka unacheka. Lakini ukitaka safu ipungue, na kalamu iko mkononi mwako, itapungua.

Jumamosi nikakunja. Kusoma naweza, ila kwa kuvuta, herufi baada ya herufi kama mtu anayetoa misumari. Ukikunja karatasi mia mbili na hamsini husomi, unakunja. Jumapili Mwalimu akanisukuma mwenyewe niende. "Nenda, watu watakosa karatasi. Mimi sikimbii." Nikaenda, nikagawa mlangoni, nikakaa.

"Na Mwalimu wetu wa watoto," akasoma Mchungaji, akanyamaza kidogo kama anavyojua kunyamaza, "Bwana amemwinua kitandani! Ametoka hospitali akiwa mzima!"

Basi. Makofi, vigelegele, mpiga kinanda akagonga. Watu walinigeukia. Mmoja alinipiga mgongoni hadi karatasi zikaanguka. "Hongera, fundi! Hongera, baba!" Nami nikaokota karatasi. Nilijiambia nitamweleza Mchungaji faraghani, baada ya ibada, kwa heshima. Huwezi kumsimamisha mtu wa Mungu katikati ya maneno yake. Baada ya ibada alizungukwa na kamati ya kumpokea Askofu, wanapima ukumbi kwa futi kamba. Nikarudi nyumbani.

Mwalimu alinyoosha mkono apewe nakala yake kama kawaida. Alianza ukurasa wa kwanza, hakuwahi kuruka. Alipofika wa tatu nikaona midomo imesimama. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha kuumia, ameshika tumbo kwa mikono miwili.

"Baba, kumbe nimepona, na hakuna aliyenipa taarifa?"

"Nakwenda sasa hivi kwa Mchungaji."

"Ukafanye nini? Kaa. Hebu niinue kwanza nijaribu huo uzima."

Nikamwinua, nikamwekea mto. Alikuwa mwepesi kama koti. Akasema nisiende kugombana, Mchungaji amekosea kwa furaha, na aliyekosea kwa furaha haaibishwi. "Watakuja wenyewe Jumanne. Wakinikuta hivi, si wataona? Wana macho."

Jumanne hiyo aliniambia nitoe vikombe. Tuna vikombe sita vyenye mstari wa bluu, vimekaa kwenye sanduku tangu binti yetu aolewe. Niliviosha, nikavifudikiza juu ya kitambaa cheupe mezani. Nikaazima benchi kwa jirani. Mwalimu akataka kitambaa kipya cha kichwa. Tukangoja. Saa tisa, saa kumi, saa kumi na moja. Kila viatu vilipopita nje aligeuza macho. Mimi viatu navijua kwa mlio, nikawa namwambia, huyo ni mpita njia, huyo ana kisigino kimelegea, huyo si wa kwetu. Jua likazama. Nikarudisha benchi.

"Wamepata dharura," akasema.

Jumanne ya pili vivyo hivyo. Ya tatu vivyo hivyo, na sasa jirani akawa ananiuliza, "Baba, hizo sherehe zenu za kila Jumanne mbona hatuoni wageni?" Nikamwambia wageni wetu ni watu wa mbali. Na nyumba ya kiongozi wa kikundi iko mtaa wa pili tu, ukipiga chafya kwangu anakuombea afya kwake.

Ndiyo hapo nikaenda ofisini. Mchungaji hakuwepo. Nikamwambia Katibu kila kitu, nimesimama, kofia mkononi. Akashika shavu. "Jamani, baba! Mbona hukusema siku ile?" Akaandika kwenye kijikaratasi, akasema wiki hiyo hiyo Mwalimu atarudishwa kushoto. Jumamosi nikakunja, safari hii nikasoma. Nilichukua nusu saa kwenye ukurasa mmoja. Safu ya kushoto ilikuwa na majina manne. Yake halikuwemo. Safu ya kulia ilikuwa na haya: "Mwalimu wetu tunamngoja kwa hamu aje atoe ushuhuda."

Niliuliza. Katibu akainamisha macho kwenye mashine. "Mchungaji anasema tukimrudisha sasa, walio wachanga watayumba kiimani. Mbele ya Askofu, baba. Anasema tumwombee kimya kimya."

Kimya kimya tuliombewa, na kimya kimya tukasahauliwa. Ila si kimya chote, maana midomo haifungiki. Mama mmoja wa kwaya alinikuta kibandani, kaleta viatu vya kushona ukanda. Akanitazama nikifanya kazi, akasema, "Fundi, mwambie Mwalimu asituringie. Mungu kamponya, basi aje amshukuru. Kujifungia ndani hivyo si utu."

Sindano iliniingia kidoleni hadi kwenye mfupa. Nikamshonea ukanda wake, nikampa. Ningemjibu ningemtukana, na mume wa Mwalimu hatukani.

Haya ya mama wa kwaya sikumwambia Mwalimu. Lakini yeye karatasi alikuwa akiisoma kila Jumapili, na lile la ushuhuda aliliona. Hakucheka. Aliikunja tena palepale nilipokunja mimi, akaiweka chini ya mto. Akasema, "Wanadhani nina kiburi." Hilo tu. Nilitaka kwenda kupiga mlango kwa mlango niwaambie. Akanishika mkono. "Wasije kwa kuitwa, baba. Nimewafundisha watoto wao miaka kumi na tisa. Nataka waje kwa kuja."

Aliendelea kuniambia nioshe vikombe. Jumanne ya sita, ya saba. Ya nane hakuwa na nguvu ya kuongea, akanionyesha sanduku kwa macho. Ya tisa niliviosha bila kuonyeshwa. Alfajiri ya Jumatano akaondoka. Mezani vikombe vilikuwa bado vimefudikizwa.

Mazishi yalijaa. Watu ambao nilikuwa sijawaona Jumanne tisa waliziba barabara. Mchungaji alihubiri vizuri hadi wachimba kaburi wakalia, na karatasi ya Jumapili iliyofuata iliandika, ukurasa wa pili, kwamba Mwalimu wetu mpendwa "ameitwa ghafla". Ghafla! Niliitazama hiyo herufi kwa herufi nikidhani nimekosea kusoma. Binti yangu, aliyekuwa amesafiri siku mbili kuja kuzika, akanisomea tena. Haikuwa kosa langu. Mtu alipona, kisha akaitwa ghafla. Hapo katikati hakuna kitu. Hakuna maumivu, hakuna benchi la jirani, hakuna vikombe. Miezi miwili ya mke wangu ilikuwa imefutwa kama chaki ubaoni.

Binti akarudi kwake. Mimi nikakaa wiki tatu bila kwenda kukunja. Siku ya Alhamisi nikavuka barabara.

Mchungaji mwenyewe alikuwepo, peke yake, anakunywa chai. Akasimama, akaja kunikumbatia. "Fundi wetu! Tumekukosa. Karatasi siku hizi zimekunjwa kama mkeka wa kulalia."

"Mchungaji, nimekuja kuomba mstari mmoja."

"Mstari wa nini?"

"Kwenye karatasi. Uandikwe kwamba mke wangu hakupona. Kwamba mlisema amepona, na hakuwa amepona, na watu hawakuja."

Alikaa chini taratibu. Akasukuma kikombe pembeni. "Ndugu yangu. Uchungu wako naujua."

"Huujui."

"Nauelewa, basi. Lakini ukiandika hivyo, unamjenga nani? Wako waumini wangapi watakaosoma hilo na kuvunjika moyo? Karatasi hii ni ya kutia moyo."

"Mwalimu aliisoma kila wiki. Haikumtia."

Akatazama kikombe chake, na nusura nimwonee huruma. Kisha akavuta karatasi tupu na kalamu, akanisogezea. "Andika. Andika kwa maneno yako mwenyewe. Nitayapitia tu kurekebisha lugha, kisha yatatoka Jumapili hii. Nakuahidi."

Niliandika pale pale mezani kwake, chai yake ikipoa. Ilinichukua muda. Niliandika: *Mke wangu hakupona. Mliandika amepona. Aliumwa Jumanne tisa, vikombe vimeoshwa, akawangoja. Hamkuja.* Akasoma, akaitikia kwa kichwa taratibu, akanishika bega.

Nilipaswa kulikumbuka bega la hospitali. Sikulikumbuka. Nilitoka nikiwa mwepesi, nikamwambia jirani kwamba Jumapili aje kanisani asikie.

Jumamosi nikafunga kazi mapema, nikajisugua gundi. Katibu alikuwa ameacha mafungu mezani na kwenda zake, na nadhani alikuwa na sababu. Nikachukua ya kwanza. Nikatazama ukurasa wa tatu. Nikatafuta maneno yangu kushoto, sikuyaona. Nikaenda kulia, kwenye "Bwana Ametenda", nikavuta herufi zangu.

*Ndugu yetu fundi viatu anawashukuru wote kwa upendo mliomwonyesha wakati wa ugonjwa na msiba wa mkewe. Bwana amemfariji, na sasa amesimama imara.*

Nilisoma mara tatu. Kumbe na mimi nilikuwa nimepona.

Sikupiga kelele. Nani angesikia? Nilikaa kwenye kiti cha Katibu nikitazama mafungu. Kuchoma ningechoma, lakini wangesema kachanganyikiwa kwa msiba, wangechapa nyingine. Kuandika kwa mkono juu ya kila moja nisingemaliza hata Krismasi. Nikafikiria mimi naweza nini. Nikavuka barabara, nikachukua kisu changu cha ngozi, rula ya chuma na ubao wa kukatia.

Kisu kile kinakata soli ya tairi la gari. Nilipanga karatasi kumi kumi, nikaweka rula, nikakata kuuzunguka mstari wote: juu, chini, kushoto, kulia. Kila fungu likabaki na dirisha, mraba safi, upana wa vidole vinne. Vile vipande nilivyotoa nikavitia mfukoni mwa aproni. Jua la alasiri lilikuwa linaingia kwa pembeni, na nilipoinua karatasi moja kuitazama, mwanga ukapita ukaanguka ukutani. Kisha nikazikunja. Sijawahi kukunja vizuri kama siku ile.

Jumapili niligawa mlangoni mwenyewe. Mchungaji naye nilimpa yake mkononi, akanishukuru, akaichomeka kwenye Biblia bila kuifungua. Nikaenda benchi langu la nyuma.

Wa kwanza kuona alikuwa mwalimu wa kwaya. Sikuwa nimefikiria kwamba ukikata ukurasa wa tatu unakata na wa nne. Akasimama kabla hata matangazo hayajaanza. "Samahani, wapendwa, mazoezi ni saa ngapi? Hapa kwangu pana tundu."

"Hata kwangu!"

"Kwangu pia!"

Karatasi zikafunguliwa kanisa zima. Mtoto mmoja akaweka jicho kwenye dirisha akamchungulia mama yake, akachapwa kofi la paja. Watu wakawa wanapenyeza vidole. Wengine wakaanza kucheka. Mchungaji akapanda na ya kwake, akasoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili, akafungua wa tatu. Nilimwona akifika. Kidole gumba chake kilitokea upande wa pili.

Maneno aliyajua, aliyatunga yeye. Angeweza kuyasema bila karatasi. Aliinua macho, akanitafuta, akaniona. "Tuendelee," akasema.

"Mchungaji." Hiyo ilikuwa sauti ya Bibi Miwani, kiongozi wa kikundi cha kutembelea wagonjwa, yule wa mtaa wa pili. Tunamwita hivyo kwa miwani yake mizito inayofanya macho yawe kama ya samaki. "Hapa palikuwa na nini?"

"Hitilafu ndogo ya mashine, bibi."

"Mashine gani inakata mraba?" Akaigeuzageuza karibu na pua. "Hiki ni kisu. Tena kisu cha mtu anayejua kazi. Fundi, uko wapi?"

Mara ile ya kwanza, siku ya makofi, nilikuwa nimekaa. Safari hii nilisimama.

"Palikuwa na uongo," nikasema. "Wa kwanza mliusoma mkapiga makofi. Huu wa pili nimewaondolea. Mwalimu hakupona. Hospitali walimrudisha aje afie nyumbani. Mkaandikiwa amepona, mkaacha kuja. Kila Jumanne alinioshesha vikombe. Jumanne tisa. Mlikuwa mkienda kwa wengine, na yeye alikuwa ametega sikio asikie viatu vyenu."

Yule mama wa kwaya, wa ukanda, akasema kwa sauti ndogo, "Lakini baba, siku ile si ulikuwepo? Mbona ulikaa kimya?"

Alijua pa kuchoma. Watu wote wakanigeukia tena, kama siku ya hongera.

"Nilikaa kimya," nikasema. "Hilo ni langu, nalala nalo, naamka nalo. Karatasi niliikunja mimi. Lakini wewe, mama, uliniletea kiatu kibandani, hatua thelathini kutoka nyumbani kwangu, ukaniambia mke wangu anaringa. Hizo hatua thelathini ulihitaji orodha?"

Akafunika uso na karatasi yake. Jicho moja likaonekana kwenye dirisha.

"Na Mchungaji alijua," nikasema. "Wiki ya tatu aliambiwa. Muulizeni Katibu."

Hakuna aliyemuuliza Katibu. Katibu alikuwa analia. Mchungaji akainua mikono miwili, ile mikono laini. "Wapendwa," akasema, "tufumbe macho tuombe." Na watu wakafumba. Ndivyo wakubwa wanavyofanya wakiishiwa maneno, wanakufumbisha macho. Mimi sikufumba. Nilitoka, nikavuka barabara, nikakaa kibandani siku ya Jumapili, jambo ambalo Mwalimu hakupenda.

Jumatatu mzee mmoja wa kanisa aliniletea barua. Ilisema kutokana na hali ninayopitia, nimepumzishwa kukunja. Ilikuwa imekunjwa vibaya.

Jumanne alasiri nilikuwa nimekaa kizingitini kwangu, nikasikia viatu. Vingi. Nikavijua vyote, maana karibu kila kimoja kimepita mikononi mwangu. Walikuja kumi na mmoja na vitabu vyao vya nyimbo, mbele Bibi Miwani, na nyuma kabisa, karibu na kona, yule mama wa kwaya ambaye hata si wa kikundi. Wakasimama mbele yangu. Sikusimama.

"Hodi, mwanangu," akasema Bibi Miwani.

"Mnamtafuta nani?"

"Tumekuja kukuona."

"Orodha inasemaje, bibi? Mimi mgonjwa?"

Akavua miwani, akaifuta kwa upande wa kanga. "Orodha haikutaji."

"Basi mmekosea nyumba. Hapa amepona mmoja, na mwingine amesimama imara. Hakuna mgonjwa."

Wale wengine wakaanza kutazamana. Mmoja akafungua kitabu cha nyimbo, akakifunga. Nilitaka waondoke. Nilitaka pia wakae hapo wamesimama juani mpaka miguu iwaume, saa tisa, saa kumi, saa kumi na moja. Sijui lipi nilitaka zaidi.

Bibi Miwani hakuondoka wala hakuniomba nipishe. Alivaa tena miwani yake, akainama, akachungulia ndani juu ya bega langu. Meza inaonekana ukiwa mlangoni. Alikaa akiangalia hivyo muda mrefu. Nilikuwa nimeviosha asubuhi. Hakuna aliyeniambia nivioshe, na sikuwa namngoja mtu. Jumanne huwa naviosha. Vilikuwa juu ya kitambaa cheupe, vimefudikizwa, sita, vile vya mstari wa bluu.

"Mwanangu," akasema polepole, "cha kwake kilikuwa kipi?"

"Cha kwake hakimo humo, bibi," nikamwambia. "Yeye alikuwa hawezi kumeza. Hivyo vyote vilikuwa vyenu."